KENGELE YETU ISIUZWE

Safari hii hatukuja na habari ya futbol wala ya kwaya. Tumekuja na neno moja juu ya kengele.

Nyote mnaijua. Inaning'inia kwenye mti karibu na biro ya Baba Prefe: kipande cha chuma chenye urefu kama mkono wa mtu mzima, na pembeni yake chuma kidogo cha kuipigia. Saa moja na nusu asubuhi inatuita kwa mstari. Inatutoa kwa mapumziko, inaturudisha, na mchana inatuambia twende nyumbani. Sisi makapita ndio tunaoipiga, na mikono yetu inaizoea kama mkulima anavyozoea jembe lake.

Sasa kuna mchuuzi wa vyuma anayepita mitaa na kigari chake akinunua sufuria zilizotoboka, mabati mabovu na rimu za zamani. Aliiona kengele yetu, akaigonga kwa kidole, akasema bei. Pesa ile inatosha kununua mipira miwili mizuri ya futbol. Siku ya tano iliyofuata tukakutana makapita wote. Wengi walisema: chuma hiki ni kizee, tukiuze, tupate mipira, na kengele ya umeme tutaitafuta baadaye. Baba Prefe alisikiliza, kisha akasema hatakata neno mpaka madarasa yasikie pande zote mbili na kupiga kura mwisho wa mwezi.

Tuseme ukweli mbele yenu. Katika mkutano ule sisi wenyewe tuliinua mkono wa kuuza. Mipira tuliyo nayo imeshonwa mpaka imekuwa kama viazi, na kila mtu anajua tulivyofungwa mara ya mwisho. Lakini tangu siku ile tumegeuza mawazo, na ni haki tuwaeleze sababu gani.

Jioni ile tulikuwa tukifunga madarasa. Mzee wetu anayelinda lango alituita. Alikuwa amesikia. Akatuuliza, "Ninyi batoto, munataka kuuzisha ile chuma. Munajua ilitoka wapi?" Tukajibu, "Hapana, Mzee." Akasema, "Ilitoka Mungbere. Ni reli. Mimi mwenyewe nilikuwa juu ya kamyo siku ile ilikuja."

Loo! Miaka yote hii tunapiga reli, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua. Tulikwenda kuiangalia tena kwa taa ya simu. Kumbe ni kweli: juu iko na kichwa cha mviringo, katikati shingo nyembamba, chini mguu mpana. Kile kichwa kimeliwa upande mmoja na magurudumu.

Mzee alituambia kwamba alipokuwa kijana alifanya kazi ya konvoyeri, msaidizi wa dereva, kwenye kamyo iliyobeba magunia ya kahawa. Walipita barabara za msitu, wakalala njiani, wakasukuma kamyo ndani ya matope, na mwisho wakafika Mungbere. Pale aliona kwa mara ya kwanza gari ya moshi. "Ilikuwa kadogo," alisema, "lakini ilikuwa na nguvu sawa punda." Walipakua magunia kwenye njia ya pembeni. Kule waliona kipande cha reli kilichochakaa, kimekatwa na kuwekwa kando. Dereva alijua kwamba misheni yetu ilipiga rimu iliyopasuka, ikatoa sauti mbaya. Akamwomba mkubwa wa stesheni, naye akampa. Mzee alikalia chuma kile njia nzima mpaka Bunia.

Ni ile "njia ya pembeni" iliyotushika moyo. Pengine wadogo wetu hawajui maana yake, kwa sababu hapa hatuna treni. Stesheni iko na njia kubwa ambapo treni inapita, na kando yake njia fupi inayoachana nayo. Kwenye hiyo fupi wago husimama siku moja, mbili, tatu, watu wanazipakia bila kuzuia treni nyingine. Mahali pasipo na njia ya pembeni, treni inapita tu, na mkulima anabaki na gunia lake akiangalia moshi. Basi tukafikiri: kahawa ya Ituri iliyopita upande ule, chumvi na vitambaa vilivyorudi, yote yalingoja pale. Kipande kinachotuita asubuhi kilikuwa mlango wa nchi yetu.

Tulianza kuuliza walimu na kusoma. Haya ndiyo tuliyopata, nasi tunayaandika kwa sababu katika somo la historia tunajifunza reli za Ulaya na mashine ya mvuke, lakini reli iliyokuwa jirani yetu hatukuitaja hata siku moja.

Mwaka 1902, wakati nchi hii ilikuwa bado mali ya Mfalme Leopold II, tajiri wa Ubelgiji, Baron Édouard Empain, aliunda kampuni ya reli iliyoitwa CFL. Ni yeye yule ambaye watu wake walijenga treni ya chini ya ardhi ya Paris iliyofunguliwa mwaka 1900. Mpango wa kwanza wa CFL ulitaja njia ya kutoka Stanleyville, yaani Kisangani, mpaka Mahagi kwenye Ziwa Albert. Sikieni vizuri: Mahagi yetu! Lakini njia ile haikujengwa. Kampuni iligeukia kusini, ikajenga kutoka Stanleyville mpaka Ponthierville, ambayo leo ni Ubundu, ikamaliza mwaka 1906, kisha ikaendelea upande wa Kindu, Kongolo na Albertville. Ituri ikabaki kwenye karatasi.

Huku kwetu dhahabu ilikuwa imekwisha kuonekana katika Kilo mwaka 1903. Dhahabu ni nyepesi kubeba, lakini mashine za kuichimba si nyepesi. Vitu vilibebwa na watu, kwa kichwa na kwa mabega, milima na mito, na wengi walilazimishwa. Ndiyo maana wazee wengine wanasema kwamba barabara ya kwanza ya Ituri ilikuwa shingo ya mtu.

Mwaka 1924 iliundwa kampuni nyingine kwa ajili ya kaskazini, na watu waliiita Vicicongo. Ilianza kwenye bandari ya Aketi, juu ya mto Itimbiri unaomwaga maji yake ndani ya mto Kongo. Kutoka Aketi reli ilikwenda Buta, ikaingia nchi ya pamba ya Uele, na katika miaka ya 1930 ikafika Paulis. Mji ule ulipewa jina la kanali Mbelgiji, Albert Paulis, na leo tunauita Isiro. Mwaka 1937 reli ilifika Mungbere. Hapo ikasimama, wala haikupiga hatua nyingine kuelekea mashariki. Ukihesabu na matawi yake ya Bondo na Titule, na kile kipande cha Bumba kilichoongezwa katika miaka ya 1970, njia nzima ilipita kilometa 1,000.

Sasa wadogo wetu wachukue rula mbili za sentimetre 30, waziweke chini moja mbele ya nyingine. Upana huo, sentimetre 60, ndio ulikuwa kati ya reli mbili za Vicicongo. Hata dawati letu ni refu kupita hapo. Reli ya Kenya na Uganda ya wakati ule iko na metre moja. Reli mpya ya Tanzania, ambayo tangu mwaka 2024 treni za umeme zinakimbia juu yake kutoka Dar es Salaam mpaka Dodoma, iko na sentimetre 143 na nusu. Kwa nini wakubwa wa Vicicongo walichagua nyembamba namna ile? Kwa sababu ya bei. Njia nyembamba inapinda kirahisi kando ya vilima, inataka madaraja madogo na reli nyepesi. Lakini inabeba kidogo, inakwenda polepole, na wago zake haziwezi kuingia kwenye reli ya mtu mwingine.

Tulichora safari ya gunia moja la kahawa kutoka hapa Bunia. Kwanza kamyo mpaka Mungbere. Halafu treni ndogo mpaka Aketi. Halafu masua kwenye Itimbiri na kwenye mto Kongo mpaka Leopoldville. Halafu treni nyingine mpaka Matadi. Mwisho meli ya bahari mpaka Ulaya. Ni magari matano, na kila mara gunia linashushwa na kupandishwa tena. Kila mahali kuna mtu wa kulipwa, na kila mahali panya wanakula sehemu yao.

Kulikuwa na njia ya pili, ya mashariki, nayo tuliichora. Kutoka Bunia, kupita Bogoro na kushuka ule mlima mkali mpaka Kasenyi. Kutoka Kasenyi kuvuka Ziwa Albert kwa meli mpaka Butiaba katika Uganda. Kutoka Butiaba kamyo mpaka Masindi Port. Kutoka hapo masua kupitia Ziwa Kyoga mpaka Namasagali, ambako reli ilikuwa imefika mwaka 1912. Halafu treni mpaka Mombasa. Njia hii nayo ilikuwa na kupanda na kushuka kwingi. Na tusisahau kwamba kutoka upande huo wa mashariki Habari Njema ilifika kwetu: wamisionari wa kwanza wa AIM walianza Kasengu, karibu na Mahagi, mwaka 1912, na mwaka uliofuata Charles Studd na Alfred Buxton walikuja kwa kupitia Mombasa na Uganda. Vitabu vingi vya kwanza, na misumari ya makanisa mengi ya kwanza, vilipita reli na maji.

Tazameni basi namna njia hizi mbili zilivyofungwa, maana hapo ndipo iko fundisho.

Ya mashariki iliuawa na maji. Mwisho wa mwaka 1961 mvua kubwa ilinyesha katika nchi za maziwa makuu. Ziwa Victoria lilipanda zaidi ya metre mbili kabla ya mwaka 1964 kwisha, na maziwa ya chini nayo yakajaa. Bandari za Namasagali, Masindi Port na Butiaba zikaingiliwa na maji, na kazi ya meli ikafungwa. Meli kubwa ya Ziwa Albert, Robert Coryndon, ilizama Butiaba mwaka 1964. Wakati huohuo Uganda ilikuwa ikijenga reli mpya iliyopita Gulu mpaka Pakwach, basi wakubwa hawakuona sababu ya kurudi kwenye njia ya zamani.

Ya magharibi, ile ya kengele yetu, haikufa siku moja. Ilikufa polepole, kama mtu asiyepelekwa hospitali. Vita ya mwaka 1964 ilifika mpaka Paulis, na tarehe 26 Novemba askari wa miamvuli wa Ubelgiji walishuka pale. Baada ya vita treni zilitembea tena. Lakini mwisho wa mwaka 1973 serikali ya Zaire ilichukua mashamba na maduka ya wageni, ikayagawa, na wengi waliopewa hawakujua kuyatunza au hawakutaka. Kahawa ikaota majani. Mwaka 1974 reli za nchi ziliunganishwa katika kampuni moja ya serikali, ambayo makao yake yalikuwa mbali kule Lubumbashi. Lokomotive ikiharibika Isiro, chuma cha kuitengeneza kilitafutwa mbali sana. Katika miaka ya 1990 treni zilipungua, zikapungua, na vita vya 1996 na 1998 vikamaliza kazi. Majani yakafunika njia. Kwa miaka mingi sasa hakuna filimbi Mungbere.

Tulipofika hapo katika masomo yetu, rafiki mmoja wa darasa letu alituambia neno lililotuchoma. Alisema, "Ninyi munalilia reli ya wakoloni. Ile reli ilijengwa kwa jasho la watu waliolazimishwa. Ilibeba pamba ambayo babu zetu walilimishwa kwa fimbo. Acha iende kwa mchuuzi!"

Hatutaki kulikimbia neno lile, maana liko na ukweli ndani. Katika Uele pamba ilikuwa ya kulazimishwa tangu wakati wa vita kuu ya kwanza. Sheria ya mwaka 1933 iliweka siku 60 kwa mwaka za kazi ya lazima kwa wanaume wa vijiji, na wakati wa vita kuu ya pili, mwaka 1942, zikapandishwa mpaka 120. Mtu asiyelima alifungwa au alichapwa. Bei ya pamba ilipangwa na mnunuzi. Wago zilizojaa pale Mungbere hazikujazwa kwa furaha. Na sasa tunaelewa pia sababu gani reli ilisimama pale: wajenzi hawakutafuta kuunganisha Bunia na Isiro, au Mahagi na Kisangani, ili ndugu watembeleane. Walitafuta njia ya kutoa mali. Ilipofika mahali mali inaweza kupakiwa, ilitosha.

Lakini, rafiki yetu, fikiri tena. Kama chuma hiki kimebeba uchungu wa babu zetu, tukikiuza uchungu ule unakwenda wapi? Utakuwa ndani ya sufuria mpya huko mbali, na hakuna mtoto atakayeuliza tena. Yule aliyelazimishwa kulima hakuacha kitabu. Hakuacha picha. Ameacha nini? Ameacha njia iliyofunikwa na majani, na vipande vichache kama hiki. Katika kitabu cha Yoshua tunasoma kwamba wana wa Israeli, baada ya kuvuka Yordani, walichukua mawe kumi na mawili katikati ya mto wakayasimamisha, kusudi siku moja watoto waulize maana yake. Mawe yale hayakuwa na bei sokoni. Kazi yake ilikuwa kuulizwa. Kosa letu sisi wa shule hii ni kwamba jiwe letu lilikuwa likilia mara nane kila siku, na hatukuuliza.

Kuna pia upande mwingine ambao Mzee alituonyesha. Alisema, "Reli ilikuwa ya Wazungu, sawa. Lakini makanika ilikuwa sisi. Kutia kuni ilikuwa sisi. Kupanga njia ilikuwa sisi." Ni kweli. Watu wa nchi hii walijifunza pale kazi ya chuma, ya mashine, ya kuandika hesabu za mizigo. Ile akili ilikuwa yetu hata kama wago hazikuwa zetu. Na ilipokuwa mali yetu kabisa, kuanzia mwaka 1974, tuliitunza namna gani? Tusiwatwike Wabelgiji mzigo wote. Wao walijenga kwa kutojali watu, na wenyewe wa nchi waliacha kwa kutojali kitu. Makosa haya mawili yako na mzazi mmoja: mtu kuangalia faida ya leo tu.

Na sisi tunataka kufanya nini siku ya kura? Tunataka kuuza chuma kwa faida ya leo tu. Mipira miwili! Mpira unadumu muhula mmoja, kama hautaangukia miiba ya ule uzio. Halafu hatutakuwa na mpira wala kengele.

Wengine wanasema kengele ya umeme ni maendeleo. Hatupingi maendeleo. Lakini umeme wa mtaa wetu mnaujua. Siku ukikatika asubuhi, nani atatuita kwa mstari? Tutarudi kutafuta chuma cha kugonga, na chuma kitakuwa kimekwisha kuyeyushwa. Hivi ndivyo ilivyokuwa na reli: watu walisema kamyo zimekuja, treni ya nini? Leo barabara ikiharibika kwa mvua, au ikifungwa kwa sababu ya vita, bei ya chumvi, ya sabuni na ya mafuta inapanda Bunia juma lilelile. Wenzetu wengi hapa shuleni wanatoka Djugu, Irumu na Mahagi. Wanajua maana ya barabara iliyofungwa kuliko sisi tunavyoweza kuandika. Kuna wanafunzi ambao hawajaona mama yao tangu mwaka wa shule ulipoanza, na si kwa sababu ya umbali. Nchi yenye njia moja tu ni kama nyumba yenye mlango mmoja: moto ukishika mlangoni, wote wako ndani.

Hatusemi kwamba treni ingezuia vita. Vita vya Ituri vya 1999 mpaka 2003 vilikuwa na sababu zake, na hii si karatasi ya kuzieleza. Tunasema tu kwamba watu wanaopakia wago moja wanajuana majina. Aliye na kahawa, aliye na samaki wa ziwa, aliye na ng'ombe na aliye na pamba wanangoja pamoja kwenye njia ya pembeni, wanagawana moto wa usiku. Mahali pa kungojea pamoja pakifa, kila mtu anarudi upande wake.

Tunapenda kuwaeleza pia habari ya Namasagali, kwa sababu ndiyo iliyotupa tumaini. Maji yalipofunga bandari ile, majumba ya reli yalibaki matupu: magodauni, biro, nyumba za wafanyakazi. Kungekuwa na wachuuzi wa kubomoa mabati na kung'oa vyuma. Lakini katika miaka ya 1960 watu wa Busoga pamoja na mapadri walifungua shule ya sekondari katika majumba yaleyale. Wanafunzi wakajifunza mahali ambapo pamba ilikuwa ikipangwa. Leo pale ni tawi la Chuo Kikuu cha Busitema. Reli ilikufa, shule ikazaliwa ndani ya mifupa yake. Basi hata kengele yetu ni Namasagali ndogo. Kipande kilichokuwa kikibeba gunia sasa kinaita watoto kusoma. Je, kuna kazi nyingine bora ambayo chuma kile kingeweza kupata? Aliyelimishwa pamba hakupelekwa shule. Mjukuu wa mjukuu wake anaitwa shule na reli ileile. Sisi tunaona hapo kitu ambacho pesa ya mchuuzi haifiki.

Haya, mtu asituambie tumekuja na maneno matupu. Tumeweka mbele ya Baba Prefe mambo manne.

La kwanza, kengele ibaki juu ya mti wake, na waya unaoishika ubadilishwe, kwa sababu umekwisha kulika na unaweza kumwangukia mtoto.

La pili, kibao kidogo cha mbao kiwekwe chini yake, kiandikwe: Reli ya Mungbere, 1937. Wanafunzi wa ufundi wamekubali kukifanya bure.

La tatu, kila mwanafunzi anayekwenda nyumbani likizo aulize mzee mmoja, babu au bibi, swali moja tu: zamani mali yenu ilitoka kwa njia gani, na nani aliibeba? Aandike jibu kwenye ukurasa mmoja. Tutayakusanya ndani ya gazeti hili. Mzee wetu wa lango anasema wale aliosafiri nao kwenye kamyo karibu wote wamekwisha kulala. Tukingoja mwaka mwingine, tutauliza makaburi.

La nne ni juu ya mipira, maana tunajua mioyo yenu iko pale. Sisi wafinalisti tumekubaliana kutoa siku mbili za posho, tulime shamba la mwalimu mmoja aliyetafuta watu wa kulipwa. Madarasa mengine yakitoa siku moja kila moja, tutapata mipira miwili, pengine mitatu. Hii ni kazi ya kupenda. Hakuna atakayeandikwa jina kwa kutokuja, na hakuna kiboko.

Sisi tunamaliza mwaka huu. Mungu akipenda tutafanya mtihani wa taifa, halafu kila mtu atakwenda upande wake. Hatutaisikia tena kengele hii asubuhi, wala hatutapata faida yoyote ikibaki. Ninyi ndio mtakaobaki nayo. Kwa hiyo kura ni yenu zaidi kuliko yetu, na tutaipokea vyovyote itakavyokuwa. Tunaomba jambo moja tu: kabla ya kuinua mkono, nenda kwenye mti, uweke kidole juu ya ule upande wa chuma uliolika. Magurudumu mangapi yalipita pale mpaka chuma kikaisha namna ile, na magunia mangapi, na jasho la nani? Ukishajiuliza, piga kura kama dhamiri yako inavyokuambia.

Kesho zamu ya kupiga kengele ni yetu. Tutaipiga kwa nguvu kidogo kuliko siku zote. Msishangae.

Kapita wa shule, kwa niaba ya wafinalisti
Shari, Bunia